Pera

Marikiti, asubuhi, sakafu bado ina maji ya kuoshea.
Zeituni amesimama mbele ya meza ya Mwanahamadi,
mapera yamepangwa matano matano,
naye asema, kwa sauti ya karani wa mahakama:
"Mama, hili si pera."

Mwanahamadi amtazama kama aliyetukaniwa ukoo.
"Si pera? Ni nini basi, bilingani?"

Nimwambie nini mwenye mapera wake?
Kwamba kule Algesira, siku ya pili, kwa mvua,
mtoto alililia pera mpaka sauti ikamkauka,
nami nikaona dukani kibao: PERA,
herufi kwa herufi, kama kimeandikwa Kisauni.
Nikamshukuru Mungu. Nikalipa.
Likatoka tunda la majimaji, refu la shingo.
Aling'ata mara moja, akaniangalia mimi,
mamake, mwongo.

Baadaye alilipenda.
Miezi kumi si siku kumi.

Twalikwenda kwa ajili ya kreni.
Twalib alitumwa akajifunze zile mpya,
na siku ya kwanza wakamwambia: *tres*.
Akahesabu vidole: uno, dos, tres. Tatu.
Saa tatu asubuhi yuko langoni, shati limepigwa pasi,
akakaa mpaka saa tisa mchana,
mlinzi akimletea kahawa, na nyingine, na nyingine,
hawana neno baina yao ila kahawa.
Rufino. Ndiye rafiki wetu wa kwanza.

Mgeni siku mbili. Ya tatu nasi tukapewa jembe:
ufagio, ndoo, zamu yetu ya kuosha ngazi,
ghorofa nne, na Bi Enkarna juu
akinionyesha kwa kidole pembe niliyoiruka.

Usiku tulihesabu maneno
kama watu waliookota senti ya kwao njiani.
Meza ni meza. Bendera, bendera.
Zafarani, wameichuna kidogo tu.
Na imamu wa pale, Mmoroko mwenye kikohozi,
akasema jina la mji wenyewe lilikuwa *al-jazira*
kabla midomo ya watu kulikwangua.
Kisiwa! Twalib akacheka mpaka akakaa chini.
Tumetoka kisiwani kuja kisiwani,
na hatuwezi kuomba kiberiti.

Lakini jumba la kengele, nilipouliza ni nini,
waliniambia neno nikasikia *gereza*.
Nikamshika mtoto mkono, nikavuka barabara.
Wiki nzima nilivuka barabara.

Jioni moja Bi Enkarna aliuliza jina lake.
"Zeituni."
Akaingia jikoni mbio, akarudi na bakuli.
"Aseituna!" Akamwekea moja kiganjani,
ya kijani, ya chumvi, yenye ukali wake.
Mtoto akatafuna, akakunja uso, akafikiri,
kisha akatema kokwa ya jina lake
na akanyoosha mkono aongezewe.

Sasa tuko kwetu Tudor, mwezi wa kwanza huu.
Chakula cha usiku akitaka saa nne,
nikimwekea saa moja anakitazama kama cha mgonjwa.
Akiamka husema habari za asubuhi kwa dirisha,
na dirisha la Tudor halijibu.
Nyanyake anauliza: huyu mtoto ni wa nani?
Anauliza kwa mzaha. Mara ya kwanza ilikuwa mzaha.

"Haya," asema Mwanahamadi, mikono kiunoni,
"hili huko kwenu laitwaje?"

*Kwenu.* Sikumsahihisha.

Zeituni ameinua moja, amelinusa kwenye kikonyo.
"Gwayaba."

"Gwa-ya-ba," Mwanahamadi alionja, upande huu wa shavu, upande ule.
Kisha akageukia njia, akapiga kelele
iliyowashtua hata wauza pilipili:
"Gwayaba! Gwayaba jamani, yameshuka leo! Kumi kumi!"

Watu wawili wakasimama.
Sisi tulinunua matano,
na bei alitupandishia.